Ushahidi wa Koplo

Aliyetaka gobore kijijini Buger hakuliomba. Alitafuta bomba la usukani, aghalabu la Landrova ya watalii iliyopinduka ikaachwa ioze nyuma ya gereji za Karatu, akalifunga kwenye gunia, na alfajiri akaliegemeza kwenye ukuta wa zizi la mbuzi la Tluway pamoja na kibuyu cha asali. Kisha akaenda zake. Hakubisha hodi wala hakuulizwa hali. Baada ya miezi miwili au mitatu, kutegemea mvua na uvivu wa mwenye nyumba, gunia lilirudi pale ukutani likiwa refu kidogo na zito kidogo, na mwenyewe akalichukua akaenda kulinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori na tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Marang. Kijiji kizima kilijua. Watoto walijua, mwalimu mkuu alijua, katekista alijua na mahindi yake yalilindwa vilevile. Lakini jina la Tluway na neno bunduki hayakuwahi kutoka katika kinywa kimoja kwa wakati mmoja. Ndivyo watu wa Buger walivyomlinda mtu aliyewalinda, na kwa miaka ishirini hakuna aliyeteleza ulimi.

Aliyekuja kuteleza alikuwa Zablon, na hapo ndipo jambo hili linapouma, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyempenda Tluway kuliko yeye.

Walichunga mbuzi pamoja, wakatahiriwa siku moja, wakalala ngariba alikowalaza wakiwa wamegandana kwa baridi. Kisha Zablon akaenda jeshini. Alikaa ghala la silaha, akapanda hadi cheo cha koplo, na vita vya Uganda vilipokuja alivuka Kagera na wenzake akarudi na mguu mmoja usiokunjika sawasawa. Aliahidiwa mengi. Alichopata ni kadi yenye muhuri, aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni kana kwamba siku moja ingeota mizizi. Hadithi zake za vita watu walizisikiliza mwaka wa kwanza, wakazivumilia mwaka wa pili, na kuanzia mwaka wa tatu kila alipofungua kinywa mtu alikumbuka kuwa ana ng'ombe hajamnywesha.

Tluway peke yake hakuchoka. Yeye hakutaka kusikia habari za Kampala. Alitaka kujua chuma kinajifunga vipi nyuma ya risasi, kwa nini mtutu fulani hupiga kushoto, kwa nini wazungu hutoboa tundu kwenye mwongozo wa shabaha. Zablon alimchorea majibu kwa kijiti kwenye majivu, na Tluway, aliyeishia darasa la nne, aliyatazama majivu yale kwa umakini asiowahi kuyapa maandishi. Alipomaliza kazi yoyote, kabla hajairudisha kwenye gunia, alimwita Zablon. Koplo aliinua bunduki, akapitisha jicho ndani ya mtutu, akaishusha. Alitikisa kichwa tu, mara moja, kukubali, na Tluway akageukia mivukuto yake ili asionekane anatabasamu. Asali aliyopewa aligawa kwa majirani. Kutikisa kichwa kule hakugawana na mtu.

Mwaka ule Bunge lilishikana mashati juu ya bajeti ya ulinzi. Redio ya Tluway, iliyoning'inia kwenye msumari katika banda lake la uhunzi, ilikohoa mjadala huo wiki nzima. Kulikuwa na waliotaka magari ya deraya yaagizwe Ulaya, tena haraka, kwa kuwa mipaka haingoji. Kulikuwa na waliosema magari hayo ni mzigo wa kuwafurahisha madalali. Na kulikuwa na mbunge mmoja mwenye sauti nzito aliyesema kwamba nchi isiyojitengenezea hata risasi ni mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kwamba mafundi tunao, tumewadharau tu.

"Umesikia?" Zablon aliuliza. Aliposikia maneno yale alisimama bila kujua.

"Nimesikia," alijibu Tluway. Alikuwa anafua jembe. "Ana sauti nzuri."

"Anasema wewe."

"Hanijui mimi."

"Ndiyo maana ya kusema kwangu, Tluway. Hakujui!"

Tluway alirudisha jembe motoni. "Na mimi nimeishi vizuri tu bila kujulikana, koplo."

Haikupita muda, diwani Josephati akaja kwa baiskeli na habari. Kamati ya wabunge ilikuwa inazunguka mikoani kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ulinzi na viwanda vya ndani, na ingekaa siku mbili Karatu, katika hoteli moja ya watalii iliyoko barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Kila kata ilete mtu mmoja. Buger ina askari mmoja tu aliyepigana vita. Zablon alimshika diwani mkono kwa mikono miwili, akausahau mguu wake, akaenda nyumbani karibu anakimbia.

Siku moja kabla ya safari alikwenda bandani kwa Tluway akiwa ameshapiga pasi suruali yake ya kaki.

"Nitawaeleza wasikie," alisema. "Nitawaambia tusiendelee kununua vyuma vya watu wakati—"

"Waambie ya kwako," Tluway alimkatiza. "Waambie mguu wako. Mimi usinitie humo."

"Hawa si askari wa wanyamapori. Hili ni Bunge."

"Na askari wa wanyamapori anatumwa na nani?"

Zablon akacheka. Hakuahidi kitu. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka kama aliahidi, kicheko kile ndicho kilichomrudia.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia na pembe za nyati ukutani, na kupitia dirishani waliwaona watalii wakipakiwa kwenye magari yaliyofunguliwa paa. Wananchi walipewa kila mmoja chupa ya maji. Wengi hawakuifungua, walitaka kwenda nayo nyumbani. Mzee Kimaren kutoka Kakesio alitangulia kusema. Alisimama na fimbo yake, akasema ng'ombe wao wakiibiwa huenda kuripoti, na askari huja siku ya tatu wakiwa na kalamu. "Mkuki wangu huja siku hiyohiyo," alisema. "Lakini mwenye kalamu ananiuliza mkuki huo una kibali." Watu wakacheka, wabunge wakacheka, na mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye uso wa upole, akamshukuru kwa ucheshi wake. Kimaren aliketi. Hakuwa amesema kichekesho.

Kisha kipaza sauti kikapewa Zablon.

Miaka ishirini na miwili alikuwa ameyabeba maneno yake, na yalitoka yakiwa yamepangwa kama askari wa gwaride. Alisema mpaka hautetewi na chuma cha kukopa. Alisema alipokuwa ng'ambo ya Kagera waliwahi kuishiwa kipuri cha ukubwa wa kidole, na kwa kipuri hicho mzinga mzima ukawa gogo la kukalia. Ukumbi ulinyamaza. Kilikuwa kimya cha watu wanaosikiliza kweli, na Zablon, ambaye alishasahau kimya hicho kina ladha gani, akalewa. Ndiyo, akalewa, hakuna neno jingine. Mbunge mmoja wa mbele aliinamia meza akasema, "Mzee, unayosema ni mazuri, lakini mafundi wenyewe wako wapi? Tusidanganyane."

"Wapo!" alisema Zablon. "Kijijini kwangu yupo mtu hajavuka darasa la nne. Anachukua bomba la usukani, anakutolea bunduki ambayo mimi, mtunza ghala la silaha, nikiipokea nitaitia sahihi. Inapiga kopo hatua sitini. Hana mashine. Ana nyundo na mivukuto ya ngozi. Mpeni mtu huyo karakana muone!"

Walimpigia makofi. Wengine walisimama. Mwenyekiti alisema huyu ndiye Mtanzania tunayemtaka, kisha akamgeukia katibu wa kamati, binti mmoja nadhifu aliyeitwa Winnie, akamwambia ahakikishe jambo hili limeingia kwenye kumbukumbu.

"Anaitwa nani huyo fundi, baba?" Winnie aliuliza kwa adabu.

Diwani Josephati alikohoa. Zablon alimsikia, akadhani ni kikohozi.

"Tluway," alisema. Na binti alipoinua kalamu bila uhakika, alimwandikisha herufi moja baada ya nyingine, akamtajia kitongoji, akamwambia hata kuwa nyumba iko chini ya kisima, yenye zizi la mawe.

Siku kumi na mbili baadaye Landrova mbili za polisi zilisimama chini ya kisima. Hawakuja kwa fujo. Waliuliza hapa ni kwa Tluway, wakaambiwa ndipo, wakaingia. Walitoka na gobore moja lililokuwa bado halijapakwa mafuta, mabomba mawili, nyundo, koleo, fuawe na mivukuto, na Tluway mwenyewe, akiwa amevaa shati la kanisani kwa sababu mkewe, Clara, aliwaomba wamsubiri abadilishe. Redio waliiacha. Iliendelea kuzungumza bandani mpaka betri zikaisha, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuizima.

Zablon alidhani ni makosa ya watu wa chini ambayo watu wa juu wangeyasahihisha. Alichukua kadi yake yenye muhuri akaenda mjini, kituo cha polisi. Ofisa aliyemkuta hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akafungua faili, akamwonesha karatasi iliyopigwa chapa. Zablon alisoma maneno yake mwenyewe, kuanzia bomba la usukani mpaka hatua sitini na zizi la mawe. Hakuna aliyeyapotosha. Hata ule msisimko wake ulikuwa umeandikwa: makofi, ndani ya mabano.

"Tumeletewa jina na mahali, mzee," alisema ofisa. "Silaha bila kibali. Tungefanyaje?"

"Lakini kamati walimsifu."

"Na sisi hatujamtukana."

Diwani alipiga simu Dodoma mara nne. Mara ya nne alimpata mwenyekiti, ambaye alimkumbuka Zablon vizuri sana, akauliza hali ya mguu, akasema jambo likishafika mikononi mwa sheria Bunge haliwezi kuliingilia. Huo ndio utawala bora. Wiki iliyofuata bajeti ya ulinzi ikasomwa. Mbunge wa sauti nzito alimtaja mpiganaji mmoja mkongwe wa Karatu aliyewapa somo ambalo hawatalisahau, meza zikagongwa. Waziri akasema suala la kutengeneza silaha nchini linafanyiwa upembuzi. Magari ya deraya yakapitishwa. Zablon alisikiliza hayo yote kwenye redio ya duka, akiwa amesimama nje, kwa sababu alipoingia watu waliokuwa ndani walikumbuka kila mmoja kazi yake.

Hawakumtukana. Buger si watu wa matusi. Walipokutana naye njiani waliitikia salamu, wakapita. Lakini yale magobore yaliyobaki yalitupwa kwenye makorongo au kuzikwa, kila mtu akiogopa zamu yake, na mahindi yalipokomaa tembo walishuka kutoka Marang wakakuta watu wanapiga madebe. Walisimama kidogo kuyasikiliza, kisha wakala. Shamba la Clara lilikuwa la tatu kuliwa. Zablon alikwenda kumsaidia kuokota yaliyobaki, wakaokota kutwa nzima, na jioni alimpelekea gunia mlangoni. Halikujaa hata nusu.

Hati ya wito ilimfikia mwezi wa nane. Upande wa mashtaka ulimhitaji kama shahidi. Hakuwa shahidi wa pili wala wa tatu. Alikuwa ndiye shahidi mwenyewe, maana bila yeye walikuwa na bomba lenye kipande cha mti tu. Aliisoma mara tatu, akaenda nayo kwa Clara. Alimkuta anachambua maharage uani.

"Shemeji," alisema, "wananiita nikaseme."

Clara aliendelea kuchambua. "Utasema nini?"

"Sijui. Sijawahi kula kiapo nikasema uongo. Hata jeshini, risasi moja ilipopotea ghalani, nilisema ni mimi, nikakaa mahabusu wiki mbili."

"Ulisema kweli mbele ya wakubwa, shemeji." Alirusha jiwe dogo pembeni. "Sasa kaseme uongo mbele ya hawa wadogo. Mume wangu anakohoa damu kule ndani."

Ndiyo siku Zablon alipoacha kujitetea moyoni. Mpaka hapo alikuwa bado na kakona kadogo alikojificha, akijiambia alisema kwa nia njema, kwa ajili ya nchi. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliipekua nia hiyo njema akakuta chini yake kuna mtu mmoja mzee aliyetaka kupigiwa makofi. Aliona aibu mpaka akakaa chini kando ya njia, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Alipoinuka alikuwa ameshaamua. Kama mdomo wake ndio uliomfunga Tluway, basi mdomo huohuo umfungue, na kiapo na kiende kinakokwenda.

Mahakamani palijaa. Nusu ya Buger ilikuwa imekuja kwa lori la magunia, ikaketi nyuma. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwa mkono bila haraka. Tluway aliletwa. Alikuwa amekonda, shati la kanisani linamning'inia, lakini alisimama kizimbani wima, macho yake kwenye meza, na mezani lilikuwapo gobore lake likiwa na karatasi ya namba iliyofungwa kwa uzi. Hakumtazama Zablon. Alilitazama gobore kama mtu anayemwona mwanawe kwenye umati.

Zablon aliapa kwa Biblia. Mwendesha mashtaka alimsomea yale aliyoyasema hotelini.

"Ulisema maneno haya?"

"Nilisema."

"Yalikuwa kweli?"

"Nilitia chumvi," alisema Zablon. "Nilikuwa na wageni wakubwa mbele yangu. Nilitaka kujisifia kijiji."

Nyuma ukapita mnong'ono. Mwendesha mashtaka akashusha karatasi. "Wewe ulikuwa mtunza ghala la silaha. Hiki kitu mezani ni nini?"

"Ni bomba."

"Ni bunduki au si bunduki?"

"Si bunduki. Mtutu umepinda. Kitako ni kuni. Ukijaribu kukipiga kitakupasukia usoni. Kinapigiwa kelele tu kufukuza nyani." Maneno yalikuwa yanatoka vizuri kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtisha. "Huyu si fundi wa silaha, mheshimiwa. Ni mfua majembe anayechezea vyuma. Hajui anachofanya."

Hakimu aliacha kuandika. Aliuliza kama kitu hicho kimefanyiwa majaribio na mtaalamu. Mwendesha mashtaka akasema mtaalamu aliombwa kutoka Arusha, hajafika, walitegemea shahidi huyu. Hakimu akavua miwani, akaifuta polepole. Akasema kwamba kama shahidi wa mashtaka mwenyewe anasema hiki si silaha, basi mashtaka yana kazi kubwa mbele yao. Alisema hivyo tu. Lakini Clara aliinua kichwa, na kwenye mabenchi ya nyuma watu wakashikana mikono, na Zablon akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu siku ya hoteli. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano alivuta pumzi ikafika chini.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, "una swali kwa shahidi?"

Ni utaratibu tu. Kila mshtakiwa huulizwa. Asiye na wakili husema hapana, akaketi.

"Ninalo," alisema Tluway.

Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Alimgeukia Zablon, na sasa akamtazama.

"Mtutu umepinda wapi?"

Zablon alimgeukia hakimu.

"Apewe ashike," Tluway alimwambia hakimu. "Atuoneshe."

Karani alileta gobore. Zablon alilipokea, na mikono yake, bila kumuuliza, ikalipandisha begani na jicho lake likaingia mtutuni. Mtutu ulikuwa umenyooka. Kule mwisho kulikuwa na duara la mwanga wa dirisha, safi, la mviringo, lisilo na kovu hata moja. Hakuwahi kuona kazi nzuri kuliko ile, wala ghalani kwake, wala popote. Alihisi shingo yake inataka kutikisa kichwa, akaizuia mpaka ikauma.

"Umepinda wapi, koplo?"

"Mwishoni," alisema Zablon. "Kidogo."

Clara alisema neno moja kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini sana, akimwomba mumewe anyamaze. Zablon naye alimwomba kwa macho, jinsi mtu anavyomwomba anayekaribia ukingo wa bonde. Tluway aliwaona wote wawili. Alikuwa amechukuliwa nyundo na mivukuto, amechukuliwa mahindi, na kifua chake kilikuwa kinachukuliwa taratibu huko alikolazwa. Alikuwa amebakiwa na jambo moja duniani, na mtu pekee aliyeweza kulishuhudia alikuwa amesimama mbele ya watu wa Buger akisema ni kuni.

"Haujapinda, mheshimiwa," alisema. "Nilikaa nao siku kumi na tisa."

Akaeleza. Alieleza jinsi alivyounyoosha kwa uzi na maji, jinsi mti wa mloliondo aliouchongea kitako ulivyokaushwa mwaka mzima juu ya moshi wa jiko ili usifuate mvua, kwa nini nyuma palifungwa vile na si vinginevyo. Hakupayuka wala hakujitapa. Aliongea kwa utulivu, mkono wake ukichora hewani, na hakimu alisahau kuandika, na mwendesha mashtaka aliinama kuitazama ile sehemu iliyotajwa, na askari aliyekuwa mlangoni akasogea hatua mbili ili asikie vizuri. Robo saa nzima Serikali ilimsikiliza fundi wa Buger. Ndilo jambo Zablon aliloliomba pale hotelini, na sasa alilishuhudia limetimia, neno kwa neno, akiwa ameshika bunduki asiyoweza kuiweka chini.

"Kwa hiyo inapiga," alisema hakimu hatimaye. Alionekana kama anajuta kuuliza.

"Inapiga."

"Na ni wewe uliyeitengeneza."

"Nani mwingine?" alisema Tluway.

Hakimu alivaa miwani. Aliandika kwa muda mrefu. Alitoa miaka sita, akasema amezingatia afya yake na kwamba ni kosa la kwanza, akaamuru vielelezo vyote viteketezwe. Nyuma hakuna aliyelia. Waliinuka mmoja mmoja na kutoka, kwa uangalifu wa watu wanaotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Mheshimiwa," Zablon alisema. Alikuwa bado amesimama mahali pa shahidi. "Nimedanganya. Nimeapa kwa Biblia, nikasema uongo. Ni kosa hilo. Nifungwe na mimi."

Hakimu alimtazama juu ya miwani kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza. "Nenda nyumbani ukapumzike, mzee," alisema. "Umelitumikia taifa." Kisha akamwashiria karani, na karani akaita kesi iliyofuata, iliyohusu wizi wa magunia ya maharage huko Mbulumbulu.

Nje jua lilikuwa kali na vumbi jekundu la magari ya watalii lilikuwa limetanda juu ya barabara. Gari la magereza lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, mlango wake wazi. Clara alikuwa ameshaagana na mumewe. Alisimama mbali, kanga ameishika mdomoni. Zablon alijikokota mpaka karibu na gari. Alikuwa na maneno, mengi, lakini kila alilolishika lilikuwa la hotelini au la kizimbani, na yote mawili yalishatumika. Alitamani Tluway amtukane. Alitamani amwite koplo kwa ile dharau yake ya utani, amuulize kama ameridhika sasa, amtemee mate kama ikibidi.

Tluway alipita mbele yake katikati ya askari wawili, pingu mikononi. Alipomfikia alipunguza mwendo. Uso wake ulikuwa umetulia, hauna chuki wala utani, uso wa mtu aliyekutana njiani na mzee asiyemfahamu.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Na Zablon, kwa mazoea ya kinywa tu, akamwitikia rika lake: "Marahaba."

Alishtuka neno likiwa limeshatoka. Mlango ulifungwa, gari likawaka na kuingia barabarani, likapishana na Landrova ya wageni waliokuwa wanapanda kwenda kulitazama bonde.